Karatasi Moja Pungufu

Tulikingoja miaka saba. Watoto walizaliwa,
wakajua kusoma, wakaingia kwenye foleni.
Kilipofika kilikuwa kimoja tu, kitabu cha tatu,
mgongo wa buluu, kizito kama tofali bichi.
Nikakivisha nailoni, nikakiandikia bei:
shilingi mia tano, siku nne, usikunje kurasa.

Kibanda changu ni cha tatu ukitoka Mlango Mmoja,
kati ya muuza sidiria na fundi redio.
Hapo ndipo walipokuja kunilaumu,
kana kwamba mimi ndiye niliyemuua Tumbuzi mvushaji
kwenye ukurasa wa mia tatu na kumi na moja.

Kabula wa saluni hakuketi.
"Mtu kavusha watu vitabu viwili vizima,
anakufa kwa sentensi moja? Moja, Nyangi!
Hata sangara hupewa muda wa kutapatapa."
Siku hiyo mteja wake alitoka na kichwa nusu kimesukwa.

Magesa wa kivukoni Kamanga alikisifu.
Mwandishi anayajua maji, alisema:
maji hayamuagi mtu.
Kisha akanywa chai yangu bila kuomba
akanuna mpaka jioni.

Mwalimu Bhoke aliandika pembeni, kwa penseli:
Ahadi ya kitabu cha kwanza iko wapi?
Chini yake, kalamu nyekundu, mkono wa mwingine:
Mwalimu, tuache tulie kwanza.

Kulwa alisema malkia anazama.
Doto alisema hazami, soma vizuri, anashuka.
Mama yao akaja kuniomba nisiwape tena
kitu chenye sehemu tatu; wao wako wawili.

Kilirudi kinanuka dagaa.
Kilirudi na wadudu wa ziwani wamebanwa kati ya kurasa,
nukta nyingi zisizo na sentensi.

Na wote, waliolia na waliotukana, waliishia mahali pamoja:
malkia mguu mmoja majini, mkono juu, *naye aka-*
Basi. Kitenzi hakina mzizi.
Kijana mmoja wa chuo, kutoka Nyegezi,
alinifafanulia saa nzima falsafa ya kukatika huko.
Nikatikisa kichwa kama mtu anayejifunza,
nami mzizi nimeulalia, Mabatini, chini ya godoro;
karatasi ya mwisho niliichomoa kwa wembe
usiku ule ule nilipomaliza, kabla ya mteja wa kwanza.

Usiniulize sana.
Nilifika kwenye nukta, nikasikia komeo.
Nikasema wengine wabaki barazani.

Kisha akakichukua Lushinge,
mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha samaki,
mtu ambaye maneno yake kwangu ni "habari" na "haya".
Alikaa nacho siku kumi na mbili.
Alilipa faini kwa sarafu, akaenda zake.

Nyuma kabisa, imegandishwa kwa uji,
karatasi ya daftari la zamu, yenye safu zake:
jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi.
Juu, kwa herufi kubwa za mtu anayeandikia gizani: *geuka.*
Halafu:
*Saa tisa na nusu usiku. Gari hakuna.
Malkia yuko getini, miguu imelowa.
Anamuulizia mvushaji. Nimemwambia aingie angojee ndani, kuna baridi.*
Jina lake lote, limeandikwa kwa uangalifu.
Saa ya kutoka: wazi.
Sahihi: ya Lushinge.

Kabula alilipa tena mia tano asome hiyo tu, amesimama.
"Nani kaandika?"
"Mwandishi," nikasema.
Akafuta mikono kwenye aproni kabla ya kukifunga.

Ile nyingine ingali chini ya godoro.
Naijua kwa moyo. Ni nzuri, sibishi,
nukta yake nyeusi imekaa inapostahili.
Gundi nimeshanunua.
Inakaukia chupani.